Wananchi Wenye Hasira Kali Wana Majina

Habari yenyewe huwa fupi, na miaka nenda miaka rudi huandikwa kwa namna ile ile. Kijana ambaye jina lake halikufahamika mara moja, anayekadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 20 na 25, ameuawa na wananchi wenye hasira kali baada ya kutuhumiwa kuiba. Mwili umehifadhiwa katika chumba cha maiti, kamanda wa polisi amewaasa wananchi waache kujichukulia sheria mkononi, na upelelezi unaendelea. Msomaji makini ataona kwamba katika habari hiyo hakuna mwenye jina, si aliyeuawa wala waliomuua. Jina la marehemu hupatikana baada ya siku chache, ndugu wanapofika mochwari kumtambua. Majina ya waliomuua hayapatikani mwezi huo wala mwaka huo, na hatimaye hakuna anayeyauliza tena.

Mimi ni msaidizi wa kisheria mjini Moshi. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni mirathi, mipaka ya vihamba, matunzo ya watoto na madai ya mishahara, lakini mara kwa mara huja mbele yangu familia ya mtu aliyepigwa na umati, na ni kwa kuzungumza na familia hizo, kisha na majirani zao, ndipo nilipofikia msimamo ninaotaka kuueleza hapa. Tumezoea kusema kwamba watu hutenda unyama wakiwa katika umati kwa sababu hawajulikani. Mimi nasema kwamba katika miji yetu wanajulikana vizuri mno. Kutojulikana kwao hakuletwi na wingi wa watu peke yake. Kunatengenezwa, kwa makubaliano yasiyotamkwa, na watu wanaofahamiana kwa majina, kwa koo, kwa jumuiya ndogondogo na kwa madeni ya dukani kwa mangi.

Swali la umati si geni. Mwaka 1895 daktari Mfaransa Gustave Le Bon alichapisha kitabu kuhusu saikolojia ya umati kilichosomwa sana Ulaya. Alidai kwamba mtu akiingia katika umati hupata hisia ya nguvu zisizozuilika kwa sababu ya wingi tu, na kwa kuwa umati hauna jina na kwa hiyo hauwajibiki, dhamiri inayomzuia mtu akiwa peke yake hulegea. Yeyote aliyewahi kusikia yowe la “mwizi!” likipokewa kutoka kona moja ya soko hadi nyingine atakubali kwamba kuna ukweli ndani ya maneno hayo. Hata hivyo Le Bon aliudharau umati tangu mwanzo, akaufananisha na wanawake, watoto na watu aliowaona hawajastaarabika, na katika maandishi yake sisi Waafrika tuliwekwa kwenye ngazi za chini. Anayemtumia Le Bon kuwaeleza vijana wa stendi ya Moshi ajue kwamba anabeba na hayo pia.

Waliomfuata walijaribu kupima badala ya kulaumu. Mwaka 1952 Leon Festinger na wenzake wawili walieleza hali ambamo mtu aliye katika kundi huacha kujiona, na kuonwa, kama mtu binafsi. Mwaka 1969 Philip Zimbardo aliripoti jaribio alilowafanyia wanafunzi wa kike huko New York: wengine walivishwa makoti mapana na kofia zilizoficha nyuso, wengine wakabaki na nguo zao na vibandiko vyenye majina yao, kisha wote wakaambiwa wabonyeze kitufe cha kumpiga mwenzao shoti ya umeme, shoti ambayo kwa kweli haikuwepo. Waliofichwa nyuso walibonyeza kwa muda uliokaribia mara mbili ya wenzao.

Utafiti ninaourejea mara nyingi zaidi, kwa kuwa unahusu watoto na peremende na hauhitaji maabara, ni ule uliochapishwa na Ed Diener na wenzake mwaka 1976. Usiku wa Halloween watoto wa Marekani huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na watafiti walipanga nyumba 27 katika mji wa Seattle ambako mwanamke alimkaribisha kila mtoto, akamwambia achukue peremende moja tu, kisha akaondoka chumbani huku mtu aliyejificha akitazama. Walipita watoto 1,352. Baadhi yao waliulizwa jina na mahali wanapoishi kabla hawajaachwa na bakuli, wengine hawakuulizwa lolote. Miongoni mwa waliokuja peke yao na kutaja majina, waliochukua zaidi ya walichoruhusiwa hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Miongoni mwa waliokuja katika kundi bila kuulizwa majina, walizidi nusu. Na kuna jambo ambalo wanaousimulia utafiti huu mara nyingi hulisahau. Kwa baadhi ya makundi mwanamke yule alimwonyesha mtoto mdogo kuliko wote na kusema kwamba yeye ndiye atakayewajibika peremende zikipungua. Hapo ndipo wizi ulipokuwa mkubwa kuliko mahali pengine popote. Wakubwa walipokwisha kupata mdogo wa kubebeshwa lawama, walijichotea.

Nimewahi kulieleza jambo hilo katika mkutano wa mtaa, na hakuna aliyeshangaa. Kila mauaji ya namna hii yanapotokea kwetu, kabla jua halijazama mtaa mzima huwa umekwisha kukubaliana kwamba waliofanya ni machokoraa, au vijana wa stendi, au wapiga debe waliokuja kutoka kwingine. Siku zote anatafutwa mtu mdogo, asiye na kwao, asiye na wa kumtetea, na lawama inapewa yeye ili watu wazima wenye nyumba na majina wabaki wasafi.

Hata hivyo haitoshi kusema kwamba mtu akifichwa uso hugeuka mbaya. Mwaka 1979 Robert Johnson na Leslie Downing walilirudia jaribio la shoti kwa mavazi ya aina mbili: moja lilifanana na majoho ya Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa Marekani lililowatesa Weusi, jingine lilikuwa sare ya wauguzi. Wale waliovaa sare ya wauguzi, walipokuwa hawajulikani, walipunguza ukali badala ya kuuzidisha. Mwaka 1998 Tom Postmes na Russell Spears walizikusanya tafiti 60 za jambo hili na kuzipima kwa pamoja, wakaona kwamba kutojulikana kwenyewe hakutabiri sana tabia mbovu. Kinachotabiri ni kile ambacho watu waliopo mahali pale wanaamini kwamba ndicho kinachofanywa mahali pale. Stephen Reicher alikuwa amekwisha kuona kitu cha aina hiyo mapema zaidi, alipochunguza ghasia za mtaa wa St Pauls mjini Bristol, Uingereza, za Aprili 1980: umati uliowashambulia polisi na benki uliacha nyumba za watu, uliyaacha maduka mengi ya wenyeji, na haukuvuka mipaka ya mtaa. Ulikuwa na hasira kali kweli, lakini ulikuwa na adabu yake, kwa maana ya sheria ambazo kila aliyekuwemo alizijua bila kuambiwa.

Kwa mkazi wa Arusha hili halihitaji ushahidi wa Bristol. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid unajulikana kwa makelele ya mpira, na mzazi aliyempeleka mtoto wake pale siku ya mechi anajua ni matusi gani mwamuzi huporomoshewa na watu ambao Jumapili husoma masomo kanisani. Uwanja huohuo, Mei 2017, ulijaa waombolezaji waliokuja kuwaaga watoto waliokufa katika ajali ya basi la wanafunzi huko Karatu. Watu walikuwa wengi, walibanana, hakuna aliyejua jina la aliyesimama mbele yake, na kilichosikika kilikuwa vilio na sala. Wingi ulikuwepo siku zote mbili, na kutojulikana kulikuwepo siku zote mbili. Kilichobadilika ni kile ambacho kila mmoja alijua kwamba wenzake wanakitarajia kwake.

Na hapa ningependa kuondoa lawama moja isiyo ya haki, hata kama inaniweka pembeni kidogo ya njia. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo hapa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa dini, pale maelfu walipokimbilia kupita juu ya mafuta ya upako. Niliwasikia watu wazima wakisema kwamba umati ule uliingiwa na wazimu, kwamba watu waliacha ubinadamu. Si kweli, na ni dhuluma kwa marehemu na kwa walionusurika. Watu wakibanana kupita kiasi, miili husukumwa na miili, anayeanguka hawezi kuinuka, na aliye nyuma haoni kinachotokea mbele. Hilo ni suala la milango, upana wa njia na mpangilio wa mkutano. Ukiuita msiba ule tabia mbaya ya umati, unawahukumu waliosukumwa na unawaacha waliopaswa kupanga. Ninachokizungumzia mimi ni kitu kingine: mahali ambapo kila mtu ana nafasi ya kurudi nyuma hatua moja, naye anasonga mbele.

Mama mmoja, ambaye nitamtaja hivyo tu, alikuja kuniona miezi michache baada ya kumzika mwanawe. Kijana huyo alishikwa alfajiri, karibu na soko, akituhumiwa kung’oa vioo vya pembeni vya gari lililokuwa limeegeshwa, na hadi mgambo walipofika alikuwa amekwisha kupoteza fahamu. Hakuzinduka. Mama hakuja kuniuliza kama mwanawe aliiba. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Kama aliiba, aliiba. Angefungwa, ningempelekea sabuni.” Kisha akatoa kwenye mkoba wake daftari la rambirambi.

Kila mtu wa huku anajua daftari hilo lilivyo. Ni daftari la shule, kurasa zimepigwa mistari kwa rula, upande wa kushoto jina la mchangiaji, upande wa kulia kiasi, na hapa na pale mtu ameandika mkungu wa ndizi au mfuko wa sukari badala ya fedha. Mtaa wote ulikuwa umekuja. Walifunga turubai, walikodi viti, walipika, walikesha naye, na wanaume wa mtaa ndio waliobeba jeneza. Mama yule alilifungua daftari mezani kwangu, akaweka kiganja juu ya majina na kusema, “Waliomuua mwanangu wamo humu. Nataka jina moja tu.”

Nilikwenda kuzungumza na majirani, kwa ridhaa yake na bila kumtaja. Nilipokelewa vizuri kila nilikokwenda, nikapewa kiti na chai. Mmoja aliniambia kwamba alipofika alimkuta kijana amekwisha kulala chini. Mwingine alisema kulikuwa bado giza. Wa tatu alisema walikuwa vijana wa stendi. Lakini katika mazungumzo hayohayo waliniambia ni duka gani lilikuwa limefunguliwa, nani alipita na mkokoteni, na nani alikuja na ndoo ya maji baadaye, akasitasita, akarudi nayo. Mwanamke mmoja alimkumbuka aliyekuwa na fimbo: alivaa sweta ya kijani, nayo ilikuwa imetoboka kwenye kiwiko cha kulia. Alilikumbuka tundu hilo. Mwenye sweta hakumkumbuka.

Sikumwona mwanamke yule kuwa mwongo wa kawaida, na sikumwona kuwa mkatili. Alikuwa na sababu ambazo nilizielewa zote. Aliogopa kwamba shahidi anaweza kugeuzwa mtuhumiwa, kwa kuwa naye alikuwepo. Aliogopa kutengwa, na katika mtaa ambao utamhitaji jirani akuazime sufuria, akukopeshe nauli na akubebee jeneza, kutengwa si jambo dogo. Na zaidi ya hayo, ingawa hakulisema hivyo, aliamini kwamba mtaa mzima umekubaliana, na kwamba akisema yeye atakuwa ndiye aliyeuvunja mtaa, si mwenye fimbo. Hivyo ndivyo kutojulikana kunavyotengenezwa. Mwenye fimbo alinyanyua mkono mbele ya macho ya majirani zake, asubuhi iliyokuwa inakucha, kwa sababu alikuwa na uhakika kwamba watamwona na kwamba hawatamtaja. Uhakika huo alikuwa nao kabla ya kunyanyua mkono. Alikuwa ameupata kwenye matukio yaliyotangulia.

Sipuuzi uchungu wa wanaoibiwa. Mama lishe akinyang’anywa simu amenyang’anywa namba za wateja, akiba yake na fedha ya kesho ya kununulia unga, na anapomwona aliyempora amerudi mtaani baada ya siku mbili anaamini kwamba serikali imemcheka. Huwa ninajitahidi kueleza kwamba dhamana si kuachiwa huru, na kwamba Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika kwamba ana hatia. Wananisikiliza kwa heshima. Lakini mtu aliyechoka hashawishiki kwa ibara, na viongozi wanaotuhimiza tuheshimu sheria wangetusaidia zaidi kama kesi ndogo za wizi zingesikilizwa na kumalizika kwa muda unaoeleweka.

Kuna kifungu kimoja, hata hivyo, ambacho nikikieleza chumba hunyamaza. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba watu wawili au zaidi wakiwa na dhamira ya pamoja ya kutenda jambo lisilo halali, na katika kulitenda likatokea kosa ambalo lilikuwa ni matokeo ya kutarajiwa, kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda kosa hilo. Sheria haiujui umati. Inawajua watu, mmoja mmoja, na adhabu ya kuua kwa kukusudia haigawanywi kwa idadi ya waliokuwepo. Wengi wamekua wakiamini kinyume chake, kwamba teke moja kati ya mateke mia ni sehemu ya mia ya kosa.

Ukubwa wa tatizo letu umewahi kupimwa. Wataalamu wawili wa uchunguzi wa vifo, Ng’walali na Kitinya, walichapisha mwaka 2006 utafiti wa waliouawa na umati mkoani Dar es Salaam kati ya mwaka 2000 na 2004: watu 1,249 katika miaka mitano, katika mkoa mmoja. Nikisoma idadi hiyo huwa ninafikiria idadi nyingine ambayo haimo, ile ya walioshiriki. Kwa kila aliyekufa palikuwa na watu kumi, ishirini, pengine hamsini. Wengi wao wako hai, wana familia, na wanajua walichofanya.

Historia ya Marekani inanisaidia kuiona hali yetu vizuri zaidi kuliko majaribio ya vyuoni. Huko Weusi waliuawa na umati kwa miongo mingi, na mtu angedhani wauaji walijificha. Mara nyingi hawakujificha hata kidogo. Walisimama mbele ya kamera, wakaziangalia, picha zikauzwa kama kadi za posta. Kisha jopo la uchunguzi wa kifo liliketi, wajumbe wake wakiwa ni wakazi wa mji uleule, na likatoa uamuzi kwamba marehemu amekufa mikononi mwa watu wasiojulikana. Mwaka 1986 Brian Mullen alichambua taarifa za magazeti za matukio 60 ya namna hiyo, ya kati ya mwaka 1899 na 1946, akaona kwamba kadiri umati ulivyokuwa mkubwa ukilinganishwa na idadi ya waliouawa, ndivyo ukatili ulivyozidi. Ninaamini matokeo hayo. Lakini neno “wasiojulikana” halikuandikwa na umati. Liliandikwa mezani, kwa utulivu, na watu waliokuwa na picha.

Usiku wa tarehe 7 Agosti 1930, katika mji wa Marion, jimbo la Indiana, umati uliwatoa gerezani vijana watatu Weusi. Thomas Shipp na Abram Smith waliuawa na kutundikwa mtini. Mpigapicha Lawrence Beitler aliwapiga picha wakiwa na umati chini yao, nyuso zikionekana wazi, na nakala zikauzwa kwa maelfu. Hakuna aliyetiwa hatiani. Wa tatu, James Cameron, alikuwa na umri wa miaka 16, na kamba ilikuwa imekwisha kufika shingoni mwake. Kwa simulizi yake mwenyewe, sauti ya mwanamke ilipaa kutoka katika umati ikisema kwamba kijana huyu hakuhusika, naye akarudishwa gerezani. Aliishi hadi mwaka 2006. Umati uleule uliokwisha kuua wawili ulitii sauti moja.

Sauti ya namna hiyo nimeisikia mwenyewe, hapa Moshi, katika soko la Mbuyuni, mchana wa siku ya kawaida. Kijana alituhumiwa kupora simu, wakamwangusha kati ya meza za nyanya na njia ya mikokoteni, na mtu mmoja alikuwa tayari amekuja na tairi. Watu wachache walikuwa wakisema, “Jamani acheni, jamani mtaua,” na hakuna aliyewasikiliza. Kisha mama mmoja anayeuza ndizi, mtu wa makamo, aliinuka kutoka kwenye kigoda chake, akasogea hadi pale alipoweza kuona nyuso, akaanza kuita. “Baba Glory, nakuona. Weka hilo rungu chini. Wewe fundi, tairi hilo umelitoa wapi, si la pale kwako? Na wewe mtoto wa Mama Upendo, mama yako anajua kwamba uko hapa?” Hakupaza sauti sana. Alikuwa akimtazama kila aliyemwita mpaka na yeye anamtazama.

Hawakuacha wote. Wawili ambao hakuwajua waliendelea kumpiga teke. Lakini aliyeitwa Baba Glory alishusha rungu, na baada ya kulishusha alijikuta amesimama pale bila kazi, na ndiye huyohuyo aliyewasukuma wale wawili nyuma. Mgambo walimchukua kijana akiwa na jeraha kichwani, akitembea kwa miguu yake. Nilimfuata mama yule baadaye, nikamwamkia, nikamuuliza kwa nini hakusema “acheni” kama wengine. Akaniambia, “Mwanangu, pale hakuna mtu anayeitwa Jamani.”

Bibb Latané na John Darley, waliochapisha tafiti zao kuanzia mwaka 1968, wangemwelewa mara moja. Katika jaribio lao maarufu, mtu aliyedhani kwamba yeye peke yake ndiye aliyesikia mwenzake akishikwa na kifafa alikwenda kutoa taarifa mara 85 kati ya 100 kabla sauti haijakatika. Aliyedhani kwamba wapo wengine wanne wanaosikia alifanya hivyo mara 31 tu. Wajibu unaosemwa kwa wote unagawanyika hadi hakuna anayeuhisi. Lakini wengi walijifunza kutoka hapo kwamba katika umati hakuna wa kusaidia, na hilo limepingwa na kazi ya karibuni zaidi: mwaka 2019 Richard Philpot na wenzake walichapisha uchambuzi wa video za kamera za mitaani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town, na katika matukio tisa kati ya kumi alikuwepo angalau mtu mmoja aliyeingilia kati, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa kupatikana huyo ulivyoongezeka. Cape Town, yenye hofu kubwa ya uhalifu, haikuwa nyuma ya miji ile mingine miwili. Wapo, basi. Mara nyingi wanachokosa ni namna ya kuingia, na mama wa Mbuyuni aliipata: hakuuambia umati kitu chochote, aliwaambia watu.

Ndiyo maana sasa, kila ninapoalikwa kuzungumza na vikundi vya ulinzi shirikishi au vikoba, sianzi na adhabu wala na haki za binadamu. Ninawaomba wafikirie ni nani wangemwita kwa jina katika mtaa wao, na kama wana ujasiri wa kumwita. Kwa wanawake wazee wa sokoni ninasema zaidi, kwa kuwa wao wanajua kila mtu ni mtoto wa nani, na kijana anayeweza kumjibu polisi vibaya hathubutu kumjibu bibi aliyemuuzia mama yake ndizi kwa mkopo.

Kwa bodaboda jambo ni gumu zaidi, kwa sababu wao hukusanyika kwa kasi kuliko kundi lolote jingine. Gari likimgusa mmoja wao, kabla dereva hajafungua mlango amezingirwa na pikipiki ishirini kutoka vijiwe mbalimbali, vioo vimepigwa, funguo zimechomolewa, na waliofika mwisho hawajui hata nani aliyemgonga nani. Nilialikwa Arusha kwenye kikao cha viongozi wa vijiwe ambako lilitolewa pendekezo kwamba kila dereva avae kizibao chenye jina la kijiwe na namba yake, mbele na mgongoni, zisomeke kutoka mbali. Wenyeviti wengi walilipenda. Vijana walilipinga, na upinzani wao ulikuwa na maana: walisema namba itamrahisishia kazi askari anayetaka kusumbua, itamrahisishia mkopeshaji anayewinda pikipiki ya mkataba, na siku ya ajali atakamatwa aliyesomeka vizuri, si aliyekosa.

Niliwaunga mkono wote wawili. Ninaamini namba zitapunguza kupigwa kwa madereva na kuvunjwa kwa magari, kwa kuwa anayejua kwamba amesomeka hunyanyua jiwe kwa shida zaidi. Na ninaamini pia kwamba orodha ya majina ikikaa mahali pasipofaa itawaumiza vijana ambao hawajamgusa mtu. Nilipendekeza orodha itunzwe na kijiwe chenyewe, ifunguliwe kwa maombi ya maandishi tu, na mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Pendekezo limerudishwa vijiweni likajadiliwe, na mimi nimepewa kazi ya kuandika masharti ya utunzaji wa orodha hiyo: nani ataomba, kwa tukio la aina gani, na kijiwe kitajibu ndani ya muda gani.